Mikono ya Andromeda imo kwenye faili zako, ila imezama

Swali limetoka kwa kijana wa Igombe, Ilemela, hapa Mwanza. Nalifupisha:

"Shikamoo mwalimu. Nina Canon ya mtumba na lenzi ya milimita 200. Mwezi wa kumi nilikwenda mwaloni usiku wa giza nikapiga galaksi ya Andromeda, picha 30 za sekunde mbili mbili, ISO 3200, zote JPEG. Kinachoonekana ni kidonge cha pamba tu, na pembe za picha zimeingia weusi. Mtandaoni watu wana mikono ya galaksi, mistari ya vumbi, mpaka utando mwembamba nje kabisa. Rafiki yangu anasema vile vinachorwa kwa kompyuta. Ni kweli? Na je, nikikusanya fedha ninunue darubini?"

Marahaba, mdogo wangu. Rafiki yako hana kosa kushuku, maana wachoraji wapo, na huko mbele nitakuonyesha namna ya kuwakamata. Lakini mikono ya Andromeda haihitaji kuchorwa na mtu. Imo humo humo kwenye faili zako, imezama ndani ya mwanga wa anga. Sehemu kubwa ya ufundi huu ni kulijua anga lenyewe vizuri, kiasi cha kuweza kulitoa kwenye picha. Galaksi ndiyo inayobaki.

Anga la usiku halijawahi kuwa jeusi. Hata ukiwa kisiwani Ukerewe umeme umekatika na mwezi haupo, hewa ya juu inang'aa yenyewe kidogo, na vumbi lililotapakaa kati ya sayari linaakisi jua. Wanaastronomia hupima mng'ao wa kila kipande kidogo cha anga kwa ngazi. Namba ya ngazi ikipanda mng'ao unashuka, na ngazi 5 ni tofauti ya mara 100. Anga safi lisilo na taa wala mwezi liko kwenye ngazi ya 22 hivi. Mikono ya nje ya Andromeda ipo kati ya 23 na 25, na zile tando za nje zinazowakosesha watu usingizi ni 27 na kuendelea. Piga hesabu: utando wa ngazi ya 27 unaongeza asilimia 1 tu juu ya mwanga wa anga safi. Sensa ya kamera ikipokea chembe 1,000 za mwanga kutoka angani, galaksi imechangia 10. Sogea karibu na taa za mji, anga lipande hadi ngazi ya 20, na mchango ule ule unashuka chini ya asilimia 0.2.

Mtu akitumwa Kirumba apime kama ziwa limepanda sentimita moja, siku ambayo mawimbi yanapiga nusu mita, akichungulia mara moja hatajua kitu. Akisoma fito yake mara elfu na kutafuta wastani, mawimbi yanafutana na ile sentimita inajitokeza. Sharti lake ni kwamba fito iwe imenyooka. Fito iliyopinda itamdanganya hata akisoma mara milioni. Kwenye picha yako mawimbi ni chenga, yaani zile punje punje zinazorukaruka kwenye picha ya gizani, na fito ni lenzi pamoja na sensa. Wanaoanza wengi ninaowajua wanahangaika na mawimbi mwaka mzima bila kuitazama fito.

Chenga zina kanuni yake: hupungua kwa kipeuo cha pili cha muda uliokusanya. Mwanga wa mara nne zaidi, chenga nusu. Wewe ulikusanya dakika moja. Ukikusanya saa mbili, hiyo ni mara 120, na picha inakuwa safi takriban mara 11. Hakuna lenzi utakayonunua itakayokupa mara 11.

Kabla sijarudi kwenye kamera yako, ngoja nikueleze kuhusu David Malin, kwa sababu karibu kila kitu unachobofya leo kwenye programu yeye alikifanya kwa mikono kwenye chumba cha giza, na ukikielewa kwa njia yake hutabofya kama kipofu. Malin ni Mwingereza aliyesomea kemia. Mwaka 1975 alihamia Australia kufanya kazi ya picha kwenye kituo cha kuchunguza anga cha Anglo-Australian. Siding Spring, mlima wa teleskopu huko huko Australia, palikuwa na teleskopu ya Schmidt ya Waingereza, ya kupiga mandhari pana, kioo chake mita 1.2, ikipiga picha kwenye mabamba ya kioo ya milimita 356 kila upande. Bamba moja lilifunika nyuzi 6.5 za anga kwa 6.5. Sasa pima kamera yako: kama ni Canon ya sensa ndogo, lenzi ya milimita 200 inakupa upana wa nyuzi 6.4. Kwa upana wa mandhari uko sawa na Schmidt. Usidharau ulichonacho.

Mabamba yale yalikuwa na utando wa kemikali wenye chembe za fedha, kama filamu ambazo wazee wenye studio walikuwa wakisafisha zamani. Malin alitumia jambo moja ambalo mkemia angelijali kuliko mwanaastronomia: mwanga hafifu sana huacha alama zake kwenye tabaka la juu la utando, ilhali ukungu wa kemikali umetawanyika kina chote. Akalaza filamu ya kontrasti kali juu ya bamba, utando kwa utando, akamulika kwa mwanga uliotawanywa, usiokuja kutoka upande mmoja. Mwanga wa namna hiyo hunakili vizuri kilicho juu, na cha chini unakififisha. Vitu ambavyo jicho halikuviona kwenye bamba vikajitokeza. Kisha akachukua nakala za mabamba kadhaa ya eneo lile lile na kuzichapa moja juu ya nyingine zikiwa zimelingana nyota kwa nyota, chembe za bamba hili zikafutana na za lile. Huo ndio urundikaji wa picha, miaka mingi kabla ya kompyuta yako.

Alikuwa na mbinu ya pili, inayofanya karibu kinyume. Unatengeneza nakala chanya ya bamba, lakini kwa makusudi unaiacha iwe na ukungu, isifokasi. Ukiipachika juu ya negativu, sehemu pana zenye mwanga mkali zinazimana na vitu vidogo vyenye ncha vinabaki. Kwa barakoa hiyo kiini cha galaksi kilichoungua kinafunguka, na ndani yake unaona mistari ya vumbi. Kidonge chako cha pamba kinahitaji hii ya pili, na utando wa nje unahitaji ile ya kwanza. Watu huzichanganya, wanaweka ukali wa barakoa kwenye sehemu hafifu, matokeo yake wanatengeneza pete nyeusi kuzunguka galaksi na kuziita mikono.

Ilileta nini kazi hiyo? Mwaka 1979 Malin alionyesha mchirizi mrefu unaotoka kwenye galaksi ya M89, ambayo kila mtu aliiona kuwa duara tulivu lisilo na habari. Mwaka 1980 yeye na David Carter wakatangaza maganda makubwa ya nyota kuzunguka galaksi za duaradufu za kawaida, na mwaka 1983 orodha yao ikafika galaksi 137. Galaksi ya NGC 3923 peke yake ina maganda zaidi ya 20, yamepangana ndani kwa nje. Mwaka 1984 Peter Quinn akaeleza chanzo: galaksi ndogo ilidondokea kwenye kubwa ikasambaratika, na nyota zake zinabembea kwenda na kurudi, zikirundikana pale zinapogeuka. Kwa hiyo ule ukungu wa pembeni ndiyo kumbukumbu ya nani alimmeza nani, na ukiukata kwa sababu haupendezi umetupa habari yenyewe. Habari kubwa kuliko zote ni Malin 1, iliyotangazwa mwaka 1987: galaksi pana mara kadhaa kuliko Njia ya Maziwa yetu, iliyokuwa imejificha nyuma ya kundi la galaksi la Virgo kwa sababu diski yake ni hafifu kuliko anga lenyewe.

Sasa turudi Igombe, na kwanza ile fito.

Pembe nyeusi za picha yako ni lenzi. Lenzi nyingi zikiwa wazi kabisa hupeleka mwanga pungufu kwenye pembe, theluthi nzima si ajabu, na punje moja ya vumbi juu ya sensa inaweza kufanya doa la asilimia 1 au 2. Utando unaoutafuta ni asilimia 1. Umeona shida ilipo? Doa la vumbi lina nguvu kuliko galaksi. Tiba yake ni picha za usawazisho, na ni bure. Alfajiri, kabla hujafungua lenzi wala kugusa fokasi, vuta fulana nyeupe safi juu ya mdomo wa lenzi bila mikunjo, elekeza juu kwenye anga lililoanza kupauka, piga kama 30 hivi kwa mng'ao wa katikati ya histogramu, ile grafu ya mng'ao kwenye kioo cha kamera. Programu itagawanya picha zako za galaksi kwa hizo, na pembe pamoja na madoa yatatoka. Halafu funika lenzi kwa kifuniko chake, piga nyingine 30 kwa muda na ISO ile ile uliyotumia kwa galaksi. Hizo ni picha za giza, za kuondoa joto na kasoro za sensa. Anayeruka hatua hii hana haki ya kulalamikia kamera.

Piga RAW, yaani faili ghafi la sensa. JPEG imekwishatupa ngazi za mng'ao ambazo ndizo unazozitafuta, na hazirudi. Faili 30 ulizonazo zitakupa kidogo zaidi ya kidonge ukizirundika, lakini usizimalizie nguvu.

Jambo la tatu ni mahali. Igombe ukitazama Andromeda unatazama kaskazini, ikiwa nyuzi 46 hivi juu ya ziwa, na mji uko nyuma yako. Hapo ulichagua vizuri. Tatizo ni dagaa. Usiku wa giza unaokufaa wewe ndio unaowafaa wavuvi, na zile karabai, siku hizi nyingi ni taa za sola, zinatandaza mwanga kwenye unyevu wa juu ya maji. Mbalamwezi ikikolea wao wanapumzika, na wewe pia huna kazi. Hutawashinda, kwa hiyo kaa kando yao. Mji wetu umejaa miamba; tafuta jabali linalokuziba upande wa maji wenye taa na upepo, ukiliacha anga la juu wazi. Mwanga wa pembeni usiingie kwenye mdomo wa lenzi kabisa, na kofia ya lenzi isitoke. Wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi ukiwaona, funga mzigo uende mbali na maji, maana wakijaa kwenye kioo usiku umekwisha. Umande nao ni wa hakika: mkanda wa joto unaotumia pawa benki, ukiuzungusha kwenye lenzi, utakuokoa. Radi za usiku juu ya ziwa nadhani sihitaji kukueleza.

Kamera ikiwa juu ya stendi tupu, kwa milimita 200 una sekunde moja na nusu hadi mbili kabla nyota hazijawa vistari. Inawezekana kuishi hivyo, picha elfu tatu au nne kwa usiku, ila diski ya kompyuta italia. Mtambo wa kufuatilia nyota unakupa dakika nzima kwa picha. Hapa ndipo mafunzo ya Wazungu yanapotupoteza: wanakwambia uelekeze mtambo kwenye nyota ya Polaris, ile iliyo karibu na ncha ya kaskazini ya anga. Mwanza ipo nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na Polaris kwetu iko chini ya upeo wa macho. Mhimili wa mtambo wako unatakiwa kuelekea kusini, ukiwa karibu umelala kabisa, umeinuka nyuzi 2.5 tu. Vichwa vingi vya mitambo havishuki hivyo. Utakata kabari ya mbao uiinamishe stendi. Weka kwa dira na kipimo cha fundi seremala, kisha piga picha ya dakika mbili utazame nyota zinatelezea wapi, rekebisha, rudia. Baada ya kila picha chache sogeza kamera kidogo sana upande wowote, ili kasoro za sensa zisiangukie mahali pamoja kila mara.

Programu ninayoipendekeza ni Siril, ya bure. Itatoa picha za giza, itagawa kwa za usawazisho, italinganisha nyota na kurundika. Picha itakayotoka itakuwa nyeusi na ya kukatisha tamaa, usishtuke, haijavutwa, yaani sehemu zake hafifu hazijang'arishwa. Kwanza ondoa mteremko wa mwanga wa anga, ule upande mmoja kung'aa kuliko mwingine kwa sababu ya taa. Hapa uwe mwangalifu kuliko popote. Programu inakadiria anga kwa vituo unavyovitawanya kwenye picha. Kituo kikiangukia kwenye ukungu wa nje wa galaksi, programu itauhesabu kuwa ni anga na kuufuta, na hutajua. Andromeda ina urefu wa nyuzi 3 na zaidi, yaani nusu ya picha yako. Weka vituo vichache, mbali, kwenye pembe, na umbo la mteremko liwe rahisi kabisa. Picha yenye mteremko kidogo uliosalia ni bora kuliko picha safi iliyonyolewa galaksi yake. Ndipo uvute sehemu hafifu taratibu, na mwishoni kabisa barakoa ya ukungu kwa ajili ya kiini.

Kuhusu wachoraji. Kipimo ni kimoja, na Malin angekielewa bila kufafanuliwa: gawanya kazi yako mara mbili, usiku huu na usiku ule, au picha za shufwa na za witiri, zirundike mbali mbali na uzivute sawasawa. Kilichomo kwenye zote mbili kina nafasi ya kuwa cha kweli. Kilichomo kwenye moja tu, sahau. Usiku wa pili izungushe kamera nyuzi 90; madoa ya lenzi yatazunguka na kamera, galaksi itabaki ilipo. Hata hapo hujamaliza, kwa sababu vumbi la Njia yetu ya Maziwa linaakisi mwanga wa nyota na kuchora mawingu membamba ambayo ni ya kweli kabisa ila hayana uhusiano na galaksi unayoitazama. Linganisha na ramani za vumbi zilizopigwa kwa infraredi. Programu za akili mnemba za kufuta chenga mimi sizitumii kwenye sehemu hafifu. Zimefundishwa galaksi huwaje, zitakuwekea unachokitarajia.

Usidhani ukali huu ni wa wanafunzi tu. Mwaka 2008 timu ya David Martínez-Delgado, ikitumia picha za mpigapicha R. Jay GaBany kwa teleskopu ya nusu mita tu, ilionyesha mkondo wa nyota ukiizunguka galaksi ya NGC 5907 kwa vitanzi vya kupendeza sana. Mwaka 2019 galaksi ile ile ilitazamwa kwa Dragonfly, mtambo wa lenzi nyingi za Canon za milimita 400 zilizofungwa pamoja, na mkondo ukaonekana mmoja mrefu uliopinda, kile kitanzi cha pili hakipo. Mkondo ni wa kweli, hakuna anayeupinga. Ubishi ulikuwa juu ya sehemu yake iliyo hafifu kabisa, pale pale kwenye mpaka wa kinachopimika.

Kwa hiyo jiwekee lengo la haki. Andromeda kwa saa mbili hadi nne za mwanga mzuri itakupa mikono, mistari ya vumbi, na galaksi zake mbili ndogo za pembeni, M32 na M110. Mkondo mkubwa wa nyota ulio kusini yake uligunduliwa mwaka 2001 kwa kuhesabu nyota moja moja, kwa hiyo huo usiutafute. Ukiuona kwenye picha yako umekosea mahali. Na usisubiri mwezi wa kumi urudi. Katikati ya Juni, kiangazi, galaksi ya Centaurus A inafika juu kabisa ya njia yake upande wa kusini mnamo saa mbili na nusu usiku, nyuzi 49 hivi kutoka upeo wa macho. Ipo umbali wa miaka nuru milioni 12 hivi, imekatwa katikati na ukanda wa vumbi, na ukungu wake wa nje ni mmojawapo wa alioufunua Malin. Kwa milimita 200 itakuwa ndogo, lakini ukungu haujali udogo. Kwa ajili yake Igombe haifai, maana kusini yako ni taa za mji. Panda gari uende upande wa Misungwi, mji ubaki mgongoni.

Darubini usinunue sasa. Darubini ya bei unayoweza kuifikia itakupa mandhari finyu, itatikisika kwa upepo wa ziwa, na itadai mtambo wa kuibeba wenye gharama kuliko yenyewe. Fedha ikipatikana, mpangilio wangu ni huu: kadi kubwa ya kumbukumbu na betri ya pili, mkanda wa kuzuia umande, kisha mtambo wa kufuatilia nyota. Fulana nyeupe naamini unayo.